Maswali Yenu: Laini, Nywila na Kopi za Kitambulisho

Barua nyingi za mwezi huu zinagusa kitu kimoja, namba ya simu. Hela zinapita humo, WhatsApp imefungwa humo, benki inatuma tarakimu za uthibitisho humo, na ukisahau nywila ya barua pepe inarejeshwa kupitia humo humo. Kwa hiyo msishangae majibu yetu yakirudi kwenye laini hata pale swali lilipoanzia kwingine. Maswali tumeyafupisha, na majina ya waulizaji tumeyaacha nje.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu. Mwenzetu mmoja aliniandikia WhatsApp: "Dada, kuna namba sita zimekuja kwako kwa bahati mbaya, nirushie." Nikamrushia. Muda si muda WhatsApp yangu ikajifunga na wanachama wakaanza kuombwa hela kwa jina langu. Nifanyeje? Na je, wamesoma meseji zetu zote za nyuma?
*Mweka hazina, Morogoro*

Pole sana dada. Aliyekuandikia si mwenzako. Akaunti ya mwenzako ilikuwa imeshaibwa kwa mtindo huo huo, ndiyo maana ujumbe ulitoka kwenye namba unayoifahamu. Mwizi alifungua WhatsApp kwenye simu yake, akaandika namba yako, na WhatsApp ikatuma tarakimu sita kwa SMS kwenye laini yako. Kilichobaki kilikuwa kukuomba.

Kuirudisha ni kurudia alichofanya yeye. Fungua WhatsApp kwenye simu yako, andika namba yako, omba tarakimu kwa SMS, ziandike. Zikikubali, yeye anatolewa papo hapo. Kuna mambo mawili yanayokwamisha watu hapa. La kwanza ni saa ya kuhesabu kurudi nyuma: mwizi mjanja huandika tarakimu za uongo mara nyingi kwa makusudi, ili WhatsApp izuie kutuma nyingine kwa saa kadhaa. Kufuta programu na kuipakua upya hakupunguzi saa hizo, subiri zimalizike. La pili ni kuombwa PIN ya tarakimu sita ambayo hukuwahi kuiweka. Hiyo ameiweka yeye. Huna namna ila kusubiri siku saba ndipo uingie bila PIN, lakini yeye keshatoka tangu ulipoandika tarakimu za SMS, kwa hiyo siku hizo saba hana anachoweza kufanya kwa jina lako.

Wakati unasubiri, piga simu ya kawaida kwa mwenyekiti, aitoe namba yako kwenye grupu mara moja. Aliyekwisha kutuma hela apige 100 kwa mtandao wake akiwa na namba ya muamala mkononi. Hela ambayo bado iko kwenye akaunti ya mpokeaji inaweza kuzuiwa. Iliyokwisha kutolewa kwa wakala ni kazi ya polisi, kachukueni RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yenu). Namba iliyopokea hela iripotiwe kwa ujumbe kwenda 15040.

Kuhusu meseji za nyuma, hapana. Mazungumzo ya zamani yamehifadhiwa ndani ya simu yako, hayahami kwa kusajili namba kwenye simu nyingine. Anachokiona ni yale yanayoingia tangu alipoingia, pamoja na majina na namba za watu walio kwenye magrupu yako. Hizo ndizo anazozitaka, ni orodha ya watu wa kuwaibia wanaofuata.

Ukishairudisha, ingia Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, uweke PIN yako mwenyewe na barua pepe yako ya kuirejeshea. Baada ya hapo hata mtu akizipata tarakimu za SMS, atagonga mlango wa pili.

Zipo njia nyingine mbili ambazo mngepaswa kuzijadili kikobani. Moja ni ya vifaa vilivyounganishwa: unatumiwa kiungo cha "piga kura" au "tazama picha yako", kinakuomba uandike herufi na tarakimu nane ndani ya WhatsApp. Ukikubali, umeunganisha kompyuta ya mtu na akaunti yako. Hii ni mbaya kuliko iliyokupata, kwa sababu WhatsApp yako inaendelea kufanya kazi kama kawaida na mgeni anasoma pamoja nawe, yakiwemo baadhi ya mazungumzo ya karibuni. Ingia Mipangilio, Vifaa vilivyounganishwa, na uondoe chochote usichokitambua. Nyingine ni kuelekezwa upige namba inayoanza na **21* ikifuatiwa na namba ya simu ya mtu na alama ya reli. Hapo unahamisha simu zako zote ziende kwake, na WhatsApp huweza kutoa tarakimu zake kwa kupiga simu. Piga *#21# kuona kama simu zako zimehamishwa, na ##002# kufuta uhamisho wote.

Na wekeni kanuni kwenye daftari la kikoba: namba ya kupokelea hela haibadilishwi kwa meseji. Anayebadilisha apige simu asikike sauti, na anayetuma asome jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka namba ya siri. Watu wengi wanalipita jina hilo mbio mbio kana kwamba ni tangazo.

Laini yangu ilikata mtandao saa nne asubuhi, nikadhani ni tatizo la mnara. Jioni nikagundua akaunti yangu ya benki imeguswa. Wanaitaje hii, na kinga yake ni nini?
*Mfanyabiashara, Mwanza*

Wanaiita "SIM swap": laini yako ilirudishwa kwenye kadi nyingine. Kadi mpya inapowashwa, ya zamani inakufa saa ile ile, na SMS zote za benki zinaelekea kwa mwenye kadi mpya. Dalili ni moja: mtandao umekatika kwako wakati majirani zako wa mtandao huo huo wanapiga simu bila shida. Ukizima na kuwasha simu na bado inaandika hakuna huduma, usingoje jioni. Azima simu ya jirani, piga 100, uliza laini yako imerudishwa lini, na uombe ifungwe pamoja na akaunti ya hela iliyomo. Pili, piga benki wafunge huduma ya simu. Tatu, ingia barua pepe yako kwa kompyuta au simu ya mtu unayemwamini, badili nywila na uondoe vifaa usivyovijua. Fuata mpangilio huo, kwa sababu hela huondoka kwa dakika na barua pepe huibwa baadaye.

Sasa kinga. Hapa Tanzania laini inasajiliwa kwa alama ya kidole inayolinganishwa na ya NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa), na ndiyo maana kidole chako kinatafutwa. Msajili wa barabarani anakwambia "haijasoma, weka tena", unaweka mara mbili, mara tatu. Kidole kile kile kinaweza kukamilisha shughuli nyingine usiyoijua, kwa mfano laini ya pili kwa jina lako. Kwa hiyo kila ukibonyeza, angalia skrini ya kifaa chake inaandika nini, na ikiwa kweli imegoma, mwambie afunge shughuli hiyo na kuianza upya ukiona. Bora zaidi uende duka la mtandao wenyewe. Kisha piga *106# ufuate menyu ya kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda dukani na kitambulisho ifutwe. Uhalifu utakaofanywa kwa namba hiyo utaanza kuulizwa kwako.

Huku huku chunguza laini unayoitumia imesajiliwa kwa jina la nani. Wapo wafanyabiashara wenye mtaji wao wote kwenye laini iliyosajiliwa na shemeji, au na kijana aliyekuwa akiwauzia vocha miaka ya nyuma. Huyo akienda dukani akasema laini imepotea, atapewa, na hatakuwa ameghushi chochote.

Wasomaji wa Kenya walio Safaricom wana *100*100#, ambayo inazuia laini yako isirudishwe kwa wakala yeyote isipokuwa kwenye maduka ya kampuni yenyewe. Inachukua dakika moja kuiweka. *106# nako inaonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

PIN ya laini ni kinga ya jambo jingine na watu wanazichanganya. Inasaidia simu ikiibwa, mwizi akichomoa laini na kuiweka kwenye simu yake ili apokee SMS zako. Bila PIN hiyo laini haisomi. Haizuii laini kurudishwa dukani. Ili kuiweka, tafuta sehemu ya kufunga SIM kadi ndani ya mipangilio ya usalama. PIN ya kuanzia imeandikwa kwenye kipande cha kadi kilichobeba laini, pamoja na PUK, namba ya kufungulia laini yenye tarakimu nane. Ukikosea PIN mara tatu utaombwa PUK, ukikosea PUK mara kumi laini imekufa moja kwa moja. Basi kipande kile usikitupe, na usibahatishe.

Jambo la mwisho kwako, na ni kwa kila mwenye kitambulisho cha Tanzania. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Yeyote aliyeiona namba hiyo kwenye daftari la wakala au kwenye kopi anajua ulizaliwa lini. Kama namba yako ya siri ya hela ni mwaka wa kuzaliwa, umeiandika kwenye kila fomu uliyowahi kujaza. Ibadilishe leo.

Nataka kuuza simu yangu. Nimefuta picha zote. Inatosha?
*Kijana, Arusha*

Haitoshi. Nakili kwanza unavyovitaka, hamishia programu ya kutoa tarakimu za uthibitisho kwenye simu mpya kama unayo, halafu chomoa laini na memori kadi. Baada ya hapo ingia Mipangilio, Akaunti, uiondoe akaunti ya Google, ndipo urudishe simu katika hali ya kiwandani ukitumia menyu ya mipangilio. Wanaotumia njia ya vitufe vya sauti na kuwasha hujikuta wameuza simu inayomwomba mnunuzi akaunti ya muuzaji. Hiyo ni kinga ya wizi iliyomo kwenye Android tangu toleo la 5.1, na mnunuzi atakurudia akiwa na hasira.

Simu iliyotoka kiwandani na Android 10 au zaidi huhifadhi kila kitu kwa usimbaji (maandishi ya siri yasiyosomeka bila ufunguo), na kurudisha kiwandani kunafuta ufunguo, hivyo mabaki hayasomeki. Kwa simu ya zamani zaidi, tazama kwenye mipangilio ya usalama kama imesimbwa. Kama bado, isimbe kwanza ndipo uifute.

Memori kadi usiuze kabisa. Picha ikifutwa kwenye kadi, kinachoondolewa ni mstari wake kwenye orodha ya mafaili, picha yenyewe inabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za bure za kurejesha mafaili zinaitoa kwa dakika chache. Bei ya kadi haifiki thamani ya usumbufu huo.

Mnaandikiana karatasi ya mauziano? Andikeni humo IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, mnaipata kwa kupiga *#06#. Na unapompelekea fundi, kubadilisha kioo au sehemu ya kuchajia hakuhitaji nywila yako: kioo kipya kinajaribiwa kwenye ukurasa wa simu za dharura. Baadhi ya Samsung zina hali ya matengenezo inayoficha picha na meseji huku fundi akifanya kazi. Fundi anayesisitiza kupata patani kwa ajili ya kioo, mtafute mwingine.

Nilikopa shilingi 60,000 kwenye programu ya simu. Nilipochelewa siku mbili wakaanza kuwaandikia mama mkwe, mkuu wangu wa shule na wazazi wa wanafunzi kwamba mimi ni tapeli. Namba zao wamezitoa wapi? Nimefuta programu lakini bado wanaandika.
*Mwalimu, Dodoma*

Wamezitoa kwenye simu yako siku uliyosakinisha. Programu iliomba ruhusa ya Anwani (majina na namba ulizohifadhi), ukabonyeza ruhusu, na orodha yako yote ikanakiliwa kwenye kompyuta zao kabla hujapata hata shilingi. Ndiyo sababu kufuta programu sasa hakurudishi kitu.

Google ilipiga marufuku programu za mikopo kwenye duka lake kusoma anwani na picha za mkopaji kuanzia tarehe 31 Mei 2023. Wakorofi wakahamia nje ya duka: wanakutumia kiungo kwa SMS au tangazo la Facebook, unapakua faili linaloishia na .apk, simu inakuonya kwamba chanzo hakijulikani, unaruhusu. Njia hiyo hiyo hutumiwa na "kadi ya mualiko" inayokuja kama .apk. Kadi ya harusi ni picha au PDF. Ikiwa .apk, ni programu, na mara nyingi imekuja kusoma SMS zako.

Fanya hivi. Piga picha za skrini za kila ujumbe, namba ya mtumaji na saa vionekane. Waombe na waliotumiwa wakutumie zao. Andika tangazo fupi kwenye hali yako ya WhatsApp kwamba namba zilichukuliwa na programu ya mkopo, wazuie wanaoandika. Aibu inayotumiwa kukubana hupungua sana watu wakishajua kinachoendelea. Kisha lalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria yake ni ya mwaka 2022 na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Angalia pia kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu: Novemba 2024 BoT ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Deni lenyewe usilichanganye na kosa lao. Kama mkopeshaji ana leseni, lipa kwa njia rasmi na utunze risiti, huku malalamiko yakiendelea. Kenya mkopeshaji mmoja wa mtandaoni alitozwa shilingi 2,975,000 Septemba 2023 na Kamishna wa Ulinzi wa Data kwa mchezo wa namna hii, kwa hiyo kulalamika si kupoteza muda.

Na kwenye simu yako, ingia Mipangilio, Programu, Ruhusa, upitie nani anasoma Anwani, SMS na Mahali. Tochi haihitaji anwani zako. Tazama kwa makini zaidi sehemu ya Ufikivu. Imewekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na programu iliyopewa ruhusa hiyo inaweza kusoma skrini yako na kubonyeza kwa niaba yako, hata ndani ya programu ya benki.

Sina printa. Vyeti na kitambulisho changu huwa navichapisha steshenari iliyo karibu na chuo. Kuna hatari gani?
*Mwanafunzi, Mbeya*

Ingia steshenari yoyote, fungua folda ya vilivyopakuliwa kwenye kompyuta ya kaunta: utakuta vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, barua za kazi na mikataba ya nyumba ya watu wasiojuana. Hakuna aliyekusudia ubaya, hakuna tu aliyepewa kazi ya kufuta.

Njia mbovu kuliko zote ni kufungua barua pepe yako pale pale kwenye kompyuta yao. Kivinjari kinauliza "hifadhi nywila?", mhudumu mwenye foleni anabonyeza ndiyo, na wewe umeondoka. Njia ya pili kwa ubaya ni kuunganisha WhatsApp yako na kompyuta hiyo. Ukisahau kutoka, anayekuja baada yako anaona mazungumzo yako. Ukishafanya hivyo tayari, toa kompyuta hiyo ukiwa nyumbani kupitia Vifaa vilivyounganishwa kwenye simu, na kwa barua pepe ya Google ingia akaunti yako, Usalama, Vifaa vyako, uiondoe.

Kilicho bora ni kutuma faili lile moja tu kwenye namba au barua pepe ya steshenari, kusimama wakati linachapwa, kisha kumwambia mhudumu kwa adabu: "Kaka, nisaidie kulifuta, na kwenye pipa la taka pia." Wengi hawakatai. Flashi inafaa, ila rudi nayo ukijua kompyuta za kukodi hubeba virusi vinavyoficha mafaili yako na kuweka njia za mkato zenye majina yale yale. Usizibonyeze. Ichunguze flashi kwa programu ya kuua virusi kwanza.

Kopi ya kitambulisho iandikwe juu yake, kwa kalamu au kwenye faili lenyewe: "Kwa maombi ya hosteli tu", na tarehe. Maandishi yapite juu ya picha na namba kidogo, yasiwe pembeni ambako yanakatwa kwa mkasi. Hayamzuii mwizi mwenye nia, ila yanaifanya kopi hiyo isifae mahali pengine.

Ukitaka kuficha namba kabla ya kutuma picha, usitumie ile kalamu nyeusi ya kuchorea ya simu kwa kupitisha mara moja. Mara nyingi ni rangi inayopitisha mwanga, na mtu akiongeza mng'ao namba inasomeka. Weka mstatili mzima uliojaa, kisha piga picha ya skrini na utume hiyo. PDF ina mtego wake: boksi jeusi lililowekwa juu ya maandishi halifuti maandishi, mtu anayachagua, ananakili, anabandika kwingine na kuyasoma.

Kila mahali wanasema paswedi iwe na herufi kubwa, namba na alama. Yangu ni jina la mwanangu, mwaka wake na @. Mbona bado mnasema ni dhaifu?
*Msomaji, Tanga*

Kwa sababu jina, mwaka na @ ndio mpangilio wanaoujaribu kwanza. Programu za kubahatisha zina orodha za majina na miaka, na zinajua @ hukaa mwishoni au mahali pa a. Tena jina la mwanao na siku yake ya kuzaliwa vipo kwenye kurasa zako.

Tumia maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa bahati, usiyoyachagua kichwani. Njia ya Arnold Reinhold ya mwaka 1995 hutumia dadu: unarusha mara tano kwa kila neno, matokeo yanakupeleka kwenye orodha ya maneno 7,776. Bila orodha, chukua kamusi ya Kiswahili nene, ifungue bila kuangalia, weka kidole, andika neno lililo chini yake. Ukipata "kifundo nazi hariri mkondo", ibaki hivyo hata kama haipendezi. Usichague upya mpaka upate ya kukufurahisha. Maneno manne kutoka orodha ya 7,776 yana michanganyiko takriban trilioni 3,656. Herufi ndogo nane zilizochaguliwa kwa bahati zina takriban bilioni 209. Na maneno ni rahisi kukumbuka.

Nywila ya namna hiyo iwe ya barua pepe na ya programu ya kutunzia nywila, kama Bitwarden. Zilizobaki zote itunge programu hiyo, kila akaunti na yake. Hilo la kila akaunti na yake lina uzito kuliko alama zote za @ duniani: nywila ikivuja kwenye tovuti ndogo ya kununua viatu, wezi huijaribu kwenye Gmail siku hiyo hiyo. Unaweza kuandika barua pepe yako kwenye haveibeenpwned.com ya Troy Hunt uone imevuja kwenye tovuti gani. Kubadilisha nywila kila miezi mitatu bila sababu hakuna faida, watu huongeza tu 1, 2, 3 mwishoni. Ibadilishe ikivuja.

Nafanya kazi Muscat. Benki ya Zanzibar na Gmail zinanitumia SMS kwenye laini yangu ya nyumbani, ambayo huku siiwashi mara kwa mara. Nifanyeje?
*Msomaji, Oman*

Gmail ni rahisi. Sakinisha programu ya uthibitishaji, kwa mfano Google Authenticator au Aegis. Ingia akaunti yako ya Google, Usalama, Uthibitishaji wa hatua mbili, chagua programu ya uthibitishaji, piga picha msimbo wa mraba (QR) ukitumia programu hiyo. Tangu hapo simu inatoa tarakimu sita mpya kila sekunde 30, bila laini na bila bando, kwa sababu inazikokotoa kutokana na siri iliyohifadhiwa na saa ya simu. Zikikataliwa, karibu kila mara ni saa: iweke ijirekebishe yenyewe kutoka mtandaoni. Kisha toa misimbo ya akiba, Google inatoa kumi yenye tarakimu nane, kila mmoja hutumika mara moja. Ichape uiweke pamoja na pasipoti. Simu ikipotea Muscat bila misimbo hiyo, kurudi kwenye akaunti ni mateso.

Ukishamaliza, ondoa SMS kama njia ya hatua ya pili, ukiiacha unakuwa umejenga ukuta na kuacha dirisha.

Benki ni ngumu zaidi, nyingi bado zinategemea SMS. Iulize kama ina programu inayothibitisha ndani yake au kama inakubali namba ya Oman. Mpaka upate jibu, laini ya nyumbani iwe hai: iongezewe salio na itumike. Laini iliyolala muda mrefu huchukuliwa na kampuni na kuuzwa kwa mtu mwingine, na mtu huyo asiye na hatia ataanza kupokea meseji za benki yako.

Waifai ya bure hotelini ni salama?
*Msomaji, Mombasa*

Kwa mambo mengi, ndiyo, siku hizi. Tovuti na programu nyingi zinasimba mawasiliano, kwa hiyo mwenye waifai anaona unatembelea tovuti gani na kwa muda gani, haoni unachoandika ndani. Kivinjari kikikuonya kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, rudi nyuma usiendelee. Ukurasa wa kuingilia ukikuomba nywila ya Gmail ili upate intaneti, ufunge. VPN (huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta zake) ya bure haiondoi macho, inayahamisha kutoka kwa hoteli kwenda kwa mwenye VPN. Ukiondoka, iambie simu isahau mtandao huo, isije ikajiunga na mwingine wenye jina lile lile. Kutuma hela, tumia bando lako.

Shule ya binti yangu inabandika picha za watoto Facebook, majina na darasa. Sikuulizwa. Nina haki gani?
*Mzazi, Nairobi*

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa. Andika barua kwa mkuu wa shule, taja picha kwa tarehe na kiungo, omba ziondolewe na uweke siku ya mwisho. Hifadhi picha za skrini kabla hujaandika, maana zikishaondolewa ushahidi umekwenda nazo. Wakikaa kimya, jaza malalamiko kwenye tovuti ya Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90. Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizobandikwa bila idhini ya wazazi, na kutaja uamuzi huo kwenye barua yako huharakisha majibu.

Kwa picha unazotuma mwenyewe, zima alama ya mahali kwenye kamera. WhatsApp huondoa alama hiyo picha ikitumwa kama picha, ila ikitumwa kama hati inabaki. Na kabla ya kutuma, kata nembo ya shule iliyo kwenye sweta.